Kinyozi Hajinyoi: Jinsi Maabara za Tiba Zinavyopimwa

Mgonjwa anapokabidhiwa karatasi ya majibu katika dirisha la maabara, huipokea kama mtu apokeavyo hukumu. Karatasi hiyo ina neno moja au tarakimu chache tu, lakini ndiyo itakayoamua kama atameza dawa kwa muda wa miezi sita au atarudi nyumbani mikono mitupu. Daktari huiamini, mgonjwa huiamini, na mpimaji mwenyewe huiamini. Ni nadra mtu kuuliza swali hili: mpimaji naye hupimwa na nani?

Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo. Tutaanzia Morogoro na Milima ya Uluguru, kwa sababu mahali hapo pana mambo mawili yanayolieleza vizuri. La kwanza ni vituo vya afya vya milimani, ambavyo viko mbali na hospitali kubwa na mbali na jicho la msimamizi. La pili ni wanyama wadogo waliopata sifa duniani kwa kuzikagua upya sampuli zilizokwisha kupita chini ya darubini.

Kosa lisiloonekana

Tuseme mwanamke mmoja, mkulima wa mboga katika vilima vya Mgeta, amekohoa kwa majuma matatu. Anakwenda katika kituo cha afya na kutoa makohozi. Fundi wa maabara anayatandaza juu ya kipande cha kioo kiitwacho slaidi, anayatia rangi kwa njia iliyobuniwa na Ziehl na Neelsen, kisha anaitazama slaidi kwa darubini inayokuza vitu mara 1,000. Bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, wataonekana kama vijiti vyekundu katika mandhari ya buluu.

Kazi hii si nyepesi kama inavyosimuliwa. Kijiti kimoja kina urefu wa mikromita 2 hadi 4 tu. Ili kiweze kuonekana, kila mililita ya makohozi inahitaji kuwa na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000. Darubini huonyesha eneo dogo tu la slaidi kwa wakati mmoja, na kanuni inamtaka fundi apitie maeneo 100 kabla ya kuandika kwamba hakuona kitu. Kama rangi imechakaa, lenzi ina ukungu, au foleni ya wagonjwa ni ndefu naye akatazama maeneo 20 badala ya 100, vijiti vichache vitampita.

Sasa tuseme vimempita. Nani atamwambia? Mgonjwa hawezi kujua. Daktari ana karatasi isemayo kwamba hakuna bakteria, naye huenda akatoa dawa ya kikohozi cha kawaida. Mama yule anarudi kwake, analala chumba kimoja na watoto wake, na kuendelea kukohoa. Fundi naye anaendelea na slaidi inayofuata kwa moyo mweupe, kwa kuwa hana habari yoyote ya kosa lake. Anaweza kukosea hivyo hivyo kwa mwaka mzima, kila siku akiwa na hakika ya kazi yake.

Wahenga walisema: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hiyo inaeleza msingi wa elimu yote tutakayoizungumzia hapa.

Saa iliyochelewa

Msomaji anaweza kuuliza: je, maabara haijikagui yenyewe? Naam, hujikagua. Kila asubuhi, kabla ya kupima damu za wagonjwa, maabara nzuri hupima kwanza sampuli ambayo thamani yake inajulikana. Jibu likitoka mbali na thamani hiyo, kazi husimamishwa mpaka sababu ipatikane. Huu huitwa udhibiti wa ndani wa ubora.

Lakini udhibiti wa ndani una upungufu wake. Fikiria saa ya ukutani iliyo nyuma kwa dakika kumi. Ukiilinganisha na yenyewe kila siku, haitaonyesha kasoro yoyote, kwani leo imechelewa dakika kumi kama ilivyochelewa jana. Inayo uthabiti, lakini haina usahihi. Utaitambua kasoro yake siku utakayofungua redio na kusikia mlio wa kutangaza saa. Redio hiyo, iliyo nje ya nyumba yako, ndiyo mfano wa tathmini ya nje ya ubora. Mtu asiyekuwa sehemu ya maabara huipelekea swali ambalo yeye analijua jibu lake, kisha huyalinganisha majibu.

Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili kwa njia ya kutahayarisha. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, msimamizi wangu alinipa vichupa 20 vya damu nivipime. Niliporudisha majibu, aliniuliza kwa upole kwa nini kichupa cha 7 na cha 16 vilitofautiana. Vilikuwa na damu ya mtu mmoja, iliyogawanywa mara mbili na kupewa namba tofauti. Nilibisha kwa nusu saa. Mwishoni tuligundua kwamba pipeti niliyoitumia ilikuwa na ufa mdogo karibu na ncha. Nilikuwa nimeitumia kwa miezi miwili.

Njia ya kwanza: sampuli zenye jibu lililofichwa

Njia hii ina historia ya kuvutia. Katika mwaka wa 1947 Wamarekani wawili, William Belk na F. William Sunderman, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika hospitali za jimbo la Pennsylvania. Walitengeneza vimiminiko ambavyo viwango vyake vya glukosi, urea, kalsiamu na vitu vingine walivijua, wakavipeleka katika maabara nyingi na kuziomba zivipime. Majibu yasiyoridhisha yalikuwa mengi kuliko yaliyoridhisha, na hizo zilikuwa hospitali za nchi tajiri, zenye wataalamu waliosoma. Tangu hapo mipango ya namna hiyo ilienea. Uingereza, kwa mfano, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kemia ya tiba mwaka 1969.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kituo kinachoendesha mpango huandaa sampuli moja kubwa, huichanganya mpaka iwe sawasawa pande zote, kisha huigawa katika vichupa vingi vinavyofanana. Vichupa hupelekwa katika maabara zote kwa siku moja. Kila maabara hupima, huandika jibu, na kulirudisha kabla ya tarehe iliyopangwa. Kituo hukusanya majibu, huyatia alama, na kuipa kila maabara taarifa yake kwa siri.

Katika Afrika Mashariki upo mfano mzuri wa ushirikiano wa aina hii. Shirika la Amref Health Africa, pamoja na wizara za afya za Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar na Uganda, walianzisha mpango wa pamoja kwa ajili ya vituo vidogo vya afya. Vituo hivyo hupelekewa vitu vinavyofanana na kazi zao za kila siku, kama vile slaidi za malaria na za kifua kikuu.

Ugumu mkubwa katika nchi zetu ni safari. Plazma ya maji huharibika kwa joto, na barabara za milimani hazingoji barafu iyeyuke. Kwa sampuli za Virusi vya Ukimwi wataalamu walipata ufumbuzi rahisi, ambao umetumiwa katika nchi nyingi za Afrika. Mikrolita 20 za plazma huchanganywa na rangi kidogo ya kijani na kuachwa zikauke ndani ya kichupa kidogo. Kichupa hicho husafiri bila barafu. Kikifika, mpimaji hutia kimiminiko maalumu ndani yake, sampuli ikayeyuka, naye akaendelea na kipimo kama kawaida. Ile rangi ya kijani humwonyesha kwamba sampuli imeyeyuka yote.

Jinsi alama zinavyotolewa

Hapa wanafunzi wa hisabati watapata kazi ya kufanya. Tuseme sampuli ya glukosi ina thamani halisi ya milimoli 7.0 kwa lita. Tuseme pia kwamba mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu ya maabara nzuri yanavyotawanyika kwa kawaida, ni 0.35. Alama ya maabara hupatikana kwa kutoa thamani halisi kutoka katika jibu lake, kisha kugawanya kwa mkengeuko sanifu. Alama hii huitwa alama Z.

Maabara ya kwanza imejibu 7.3. Tofauti ni 0.3, na alama ni karibu 0.9. Maabara ya pili imejibu 6.1, na alama yake ni karibu -2.6. Maabara ya tatu imejibu 8.4, na alama yake ni 4.0 kamili. Kwa desturi, alama iliyo kati ya -2 na 2 inaridhisha. Iliyo kati ya 2 na 3, kwa upande wowote, ni onyo. Iliyofika 3 au zaidi hutaka kazi isimamishwe na sababu itafutwe.

Ishara ya jumlisha au ya kutoa nayo ina maana yake. Maabara ambayo mara hii imezidi na mara ijayo ikapungua huenda ina fundi mwenye haraka. Maabara inayozidi katika kila awamu ina kasoro ya kudumu, kama ile saa ya ukutani. Huenda mashine haijasawazishwa, au pipeti ina ufa.

Njia ya pili: slaidi kusomwa upya

Kwa kifua kikuu ipo njia nyingine, nayo haihitaji kutengeneza sampuli yoyote mpya. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, na mpango huo ukawa kielelezo kwa nchi nyingine nyingi. Nguzo yake mojawapo ilikuwa ni darubini katika vituo vya wilayani. Darubini nyingi zilizotawanyika nchi nzima huhitaji jicho la pili.

Katika njia hii fundi hatupi slaidi zake. Huzifuta mafuta na kuzipanga katika sanduku kwa namba, zenye bakteria na zisizo nao bila ubaguzi. Baada ya kipindi fulani msimamizi huja, huchagua slaidi kadhaa kwa bahati nasibu kutoka katika daftari, na kuzipeleka kwa msomaji wa pili. Msomaji huyu hazioni alama alizoandika wa kwanza. Wawili hao wakihitilafiana, slaidi hupelekwa kwa msomaji wa tatu, naye ndiye mwamuzi. Juu ya ngazi hiyo, hapa nchini, ipo Maabara Kuu ya Rufaa ya Kifua Kikuu, Dar es Salaam.

Je, slaidi chache zinaweza kusema ukweli juu ya maelfu? Hebu tukokotoe. Tuseme fundi hukosea slaidi 5 katika kila 100. Uwezekano wa slaidi moja kuwa sahihi ni 0.95. Tukichagua slaidi 12, uwezekano wa zote kuwa sahihi ni 0.95 kwa kipeo cha 12, yaani karibu 0.54. Hapo fundi ana nafasi zaidi ya nusu ya kupita bila kugunduliwa. Tukichagua slaidi 60, uwezekano hushuka hadi karibu 0.05. Kwa hiyo slaidi 60 tu zinatosha kumgundua mara 95 katika kila 100, mradi ziwe zimechaguliwa kwa bahati nasibu. Fundi akiruhusiwa kuchagua mwenyewe, hesabu hii yote haina thamani.

Tukumbuke pia kwamba msahihishaji naye ni binadamu. Katika joto na unyevu, ile rangi nyekundu ya bakteria hufifia slaidi ikikaa sandukuni. Msomaji wa pili anaweza asione kitu mahali ambapo wa kwanza aliona kweli. Kwa sababu hiyo slaidi zenye utata hutiwa rangi upya kabla fundi hajahesabiwa kosa.

Panya buku wa Morogoro

Sasa tuingie katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, lilianza kazi zake hapo mwaka 2000 kwa ushirikiano na chuo hicho. Kwanza lilifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Baadaye liliwafundisha kunusa kifua kikuu katika makohozi.

Makohozi hutoka katika vituo vya afya baada ya kupimwa kwa darubini, na hupashwa moto kwanza ili bakteria wafe. Panya huingizwa katika kizimba chenye matundu sakafuni, na chini ya kila tundu huwekwa sampuli. Hunusa moja baada ya nyingine. Akisimamisha pua yake juu ya tundu kwa sekunde kadhaa, huhesabiwa kuwa ameonyesha ugonjwa. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi.

Lakini panya huyu huaminiwaje? Jibu ni lile lile tulilokwisha kuliona. Katikati ya sampuli zinazochunguzwa hufichwa nyingine ambazo tayari zinajulikana kuwa na bakteria, na panya hupewa chakula anapozionyesha hizo. Akizipita, walezi wake wanajua kwamba siku hiyo pua yake haifai kutegemewa. Tena, neno la panya si la mwisho. Sampuli anayoitilia shaka hurudishwa katika maabara ikathibitishwe kwa njia nyingine.

Matokeo ya mwaka 1 wa kazi hiyo yanafaa kukumbukwa. Mwaka 2009 zilichunguzwa sampuli za wagonjwa 10,523 ambao walikuwa wamekwisha kupimwa vituoni kwa darubini. Darubini ilikuwa imewagundua asilimia 13.3 kuwa na kifua kikuu. Ukaguzi wa panya ukaongeza wagonjwa wapya 620, yaani ongezeko la asilimia 44.

Tusiharakishe kuwalaumu mafundi. Wengi kati ya wagonjwa hao walikuwa na bakteria wachache mno, na darubini ina kikomo chake kama tulivyoona. Tena, kazi ya panya si tathmini ya nje kwa maana kamili ya neno hilo. Panya humtafuta mgonjwa aliyekosekana, na tathmini huitafuta sababu ya kumkosa. Hata hivyo funzo ni moja. Wagonjwa hao 620 walikuwa na majibu yasemayo kwamba hawana kitu, na bila jicho, au tuseme pua, kutoka nje, majibu hayo yangebaki kuwa ukweli.

Njia ya tatu: kupanda mlima

Ipo njia ya tatu, ambayo ni ya zamani kuliko zote: msimamizi kufunga safari na kuitembelea maabara yenyewe. Huko huona mambo ambayo hakuna kichupa kinachoweza kuyaeleza, kama vile umeme unaokatika, dirisha lenye mwanga hafifu, au chupa ya rangi iliyopitwa na wakati.

Milima ya Uluguru inatuonyesha sababu nyingine ya kufanya ziara hizo. Vilele vyake hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Kadiri unavyopanda, ndivyo baridi inavyoongezeka. Kimelea cha malaria aina ya falsiparamu hukua kwa shida sana ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 za Selsiasi. Kwa hiyo fundi wa bondeni huona vimelea kila mara, na fundi wa mlimani huweza kukaa siku nyingi bila kukiona hata kimoja. Jicho lisilozoezwa husahau. Siku mgonjwa atakapopanda kutoka bondeni akiwa na malaria kali, ndipo kumbukumbu hiyo itakapohitajika. Slaidi za mazoezi anazopelekewa fundi wa mlimani humpima, na wakati huo huo humfundisha tena.

Mambo ambayo tathmini haiwezi kuyafanya

Ni lazima tuseme wazi kwamba tathmini ya nje si tiba ya kila kosa. Kwanza, makosa mengi hutokea kabla kipimo hakijaanza: mgonjwa ametoa mate badala ya makohozi, au majina mawili yamebadilishana vichupa. Sampuli za majaribio hazipiti njia hiyo. Pili, taarifa huchelewa kufika, na wagonjwa wa siku ile wamekwisha kwenda zao.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mtu anayejua kwamba anapimwa hubadili mwenendo wake. Kichupa cha tathmini kikifika, mkuu wa maabara anaweza kukikabidhi kwa fundi hodari kuliko wote, akakipima mara tatu, kisha akapiga simu kwa rafiki yake wa wilaya jirani waoanishe majibu. Alama itakuwa nzuri, na wagonjwa hawatakuwa wamepata faida yoyote. Mara nyingi chanzo cha udanganyifu huu ni hofu. Pale ambapo alama mbaya huleta karipio na uhamisho, hakuna fundi atakayeonyesha kosa lake. Pale ambapo huleta rangi mpya, lenzi safi na siku mbili za mafunzo, makosa yatajitokeza yenyewe.

Mwelekeo wa Afrika katika miaka ya karibuni umefuata njia hiyo ya pili. Mwaka 2009, mjini Kigali, Shirika la Afya Duniani lilizindua kwa ajili ya Afrika utaratibu wa kuzipandisha maabara hatua kwa hatua, kwa nyota moja hadi tano, kuelekea kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 15189. Maabara yenye nyota moja haifungwi, bali huonyeshwa ngazi inayofuata. Kushiriki katika tathmini ya nje ni sehemu ya masharti ya kupanda.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu aandae bahasha 8. Katika kila moja atie punje 300 za mtama mweupe na punje 24 za mtama mwekundu. Bahasha moja isiwe na punje nyekundu hata moja. Kundi moja lipewe bahasha mbili zenye namba tofauti bila kuambiwa kwamba zinafanana. Kila kundi lihesabu punje nyekundu kwa dakika 1 tu kwa kila bahasha na kuandika jibu.

Majibu yaandikwe ubaoni. Wanafunzi watafute wastani na mkengeuko sanifu wa bahasha zenye punje nyekundu, kisha kila kundi lipate alama Z yake kwa kutumia thamani halisi, 24. Je, kundi lenye bahasha mbili lilitoa majibu mawili yanayofanana? Je, yupo aliyeona punje nyekundu mahali ambapo hazikuwapo?

Zoezi lirudiwe juma linalofuata. Safari hii mwalimu atangaze mapema kwamba kundi litakalokosea litafagia darasa, na wanafunzi wachunguze wenyewe kilichobadilika katika namna ya kuhesabu, na katika namna ya kuandika majibu.